Gia Tano za Kurudi Nyuma

Babu yangu alikuwa na sentensi moja tu kuhusu Januari 1964: "Kilikuwa kidogo." Ukimuuliza nini kilikuwa kidogo, alijibu, "Kile kigari chao," kisha akaomba maji ya kunawa, hata kama chakula kilikuwa bado jikoni. Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Bibi alileta maji, Babu akanawa, nasi tukasubiri ugali kimya kimya.

Tuliishi Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Nyumbani tuliambiwa kwamba Babu alikuwa askari, akastaafu. Aliingia King's African Rifles mwaka 1958 akiwa na miaka 20. Hilo alilisema bila shida, na alipenda kuitaja namba yake ya jeshi kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, huku amenyoosha mgongo. Alifariki mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka 14. Ilinichukua miaka mingine kumi kufanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza: aliyezaliwa 1938 na kuacha jeshi 1964 alikuwa na miaka 26. Mtu hastaafu akiwa na miaka 26.

Hesabu hiyo niliifanya ndani ya treni, kusini mwa Uingereza, nilikokwenda kusoma shahada ya pili. Siku hiyo sikuwa na kipindi. Nilishuka kituo kidogo kiitwacho Wool, nikatembea kwa miguu hadi Bovington, kwenye makumbusho ya vifaru. Rafiki zangu walikwenda kuona vifaru vikubwa vya Wajerumani vya Vita Kuu ya Pili. Mimi nilikwenda kukitafuta kigari kidogo.

Nilikikuta. Kinaitwa Ferret, gari la deraya la upelelezi lililoundwa na kampuni ya Daimler. Nilisimama mbele yake nikacheka peke yangu, kwa sababu Babu alikuwa amesema kweli. Urefu wake haufiki mita nne, mfupi kuliko Hiace ya daladala. Kina magurudumu manne makubwa yaliyobanwa karibu na mwili, na juu kuna kibanda cha chuma kinachozunguka, chembamba kiasi kwamba unajiuliza mtu mzima anaingiaje. Ndani ni watu wawili tu: dereva mbele, na nyuma yake kamanda mwenye bunduki ya rashasha. Hicho ndicho alichokiona Babu yangu miaka 55 kabla yangu, na kikamnyamazisha hadi kaburini.

Nilitaka kujua kigari hiki ni cha kazi gani, nikidhani nikikielewa chombo nitamwelewa aliyekitazama.

Tuanze na jina. Ferret ni mnyama mdogo mwenye mwili mrefu, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Wazungu walimfuga kwa kazi maalumu: kumwingiza kwenye shimo la sungura ili awafukuze watoke nje. Ni jina linalokifaa chombo cha kuchungulia pasipopitika. Magari haya yalitengenezwa kuanzia mwaka 1952 hadi 1971, na jumla yake ilizidi 4,400. Lina uzito wa tani kama nne, injini ya petroli ya Rolls-Royce yenye silinda sita, na mwendo wake unafika karibu kilomita 90 kwa saa. Bamba lake la chuma linazuia risasi za bunduki za kawaida na vipande vya mabomu. Halizuii mzinga. Anayekaa ndani anajua kwamba akikutana na kifaru cha adui uso kwa uso, vita vyake vimekwisha.

Ndiyo maana jambo lililonishangaza kuliko yote halikuwa bunduki wala bamba. Lilikuwa gia. Ferret lina gia tano za kwenda mbele, na zote tano zinapatikana pia kwa kurudi nyuma. Maana yake, gari linaweza kurudi kinyumenyume kwa kasi karibu sawa na liliyokuja nayo, bila kugeuka, uso ukiwa bado unamtazama adui. Mtangulizi wake, Dingo, lililotumika tangu mwaka 1940, lilikuwa hivyo hivyo. Katika Dingo kiti cha dereva kiliwekwa kwa mshazari kidogo ili aweze kugeuza shingo na kuona anakorudi.

Fikiria mhandisi aliyekaa mezani akachora jambo hilo. Alikuwa anakubali mapema, kwenye karatasi, kwamba wanaume hawa wawili watakimbia. Na hakuona aibu kulichora, kwa sababu mpelelezi asiporudi, safari yake yote ni hasara. Atakuwa ameona daraja, ameona mizinga iliyofichwa, ameona njia iliyotegwa, lakini waliomtuma wangali gizani. Nusu ya kazi ya upelelezi ni kuona. Nusu ya pili ni kurudi ukasema.

Wapo walioielewa kazi hii kabla ya injini. Kiswahili kimekipa kifaru cha chuma jina la mnyama, na jina limekaa vizuri kuliko tunavyofikiri: mnyama kifaru ana nguvu nyingi lakini macho yake ni dhaifu. Ananusa vizuri na kusikia vizuri, ila mtu akisimama mbali kidogo bila kutikisika, hamwoni. Mgongoni mwake hukaa ndege mdogo anayekula kupe. Ndege huyo akiona hatari hupiga kelele na kuruka, na kifaru hujua kuna jambo. Kwa Kiswahili ndege huyo huitwa askari wa kifaru. Sijui neno bora zaidi la kulieleza gari la upelelezi. Ni dogo, halina nguvu ya kupigana na chui, na lenye ngozi nene nyuma yake linalitegemea ili lijue pa kuelekea.

Gari la kwanza la aina hii kufika kwetu lilikuja muda mrefu kabla ya Ferret. Pale Bovington wanalo Rolls-Royce la deraya la muundo wa mwaka 1920, na bado linawaka na kutembea. Kaka zake wakubwa walizaliwa mwaka 1914, vita vilipoanza Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Charles Samson, alikuwa na kikosi cha ndege huko, na watu wake walianza kutoka kwa magari ya kawaida ili kupeleleza na kuwaokoa marubani walioanguka. Waliposhambuliwa, walikwenda kwa mafundi wa meli pale Dunkirk wakawekewa mabamba ya chuma cha boila. Baadaye kidogo kazi ikafanywa kitaalamu: waliichukua chesi ya Rolls-Royce Silver Ghost, gari la matajiri, wakaivika deraya na kuipachika kibanda cha bunduki kinachozunguka.

Kufikia mwisho wa mwaka huo mahandaki yalikuwa yamechimbwa toka baharini hadi milima ya Uswisi, na gari la magurudumu halikuwa na pa kupita. Basi yakatafutiwa nchi zenye nafasi: Misri, Afrika ya Kusini Magharibi, na hatimaye Afrika Mashariki. Mwaka 1916 yalikuwa upande wa Taveta, yakitoka Maktau na Mbuyuni kuelekea ngome za Wajerumani. Yalikuwepo Februari 12 pale kilima cha Salaita, siku ambayo jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini lilishambulia likarudishwa nyuma. Tatizo lilikuwa pori. Gari la kuona mbali halina faida mahali ambapo miba imeziba macho hatua kumi mbele, na aliyejificha ndani ya kichaka analisikia likija tangu yuko nusu saa mbali.

Kisha mvua za masika zikanyesha. Barabara za udongo mweusi zikageuka uji, malori yakazama, farasi wakafa kwa ndorobo. Jeshi likabaki na chombo kimoja tu kilichoweza kupita kila mahali: mtu. Wapagazi walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga kwa vichwa vyao toka pwani hadi Msumbiji, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya Kariakoo. Nimenunua viatu Kariakoo mara nyingi bila kukumbuka kwamba nasimama juu ya jina la watu waliobeba vita ambavyo magari yalishindwa kuvibeba. Hawakuwa na bamba la chuma wala gia ya kurudi nyuma.

Nayasema haya kwa sababu Babu aliingia jeshi lile lile, akarithi bendera na majina yake. Kambi aliyokaa, nje ya Dar es Salaam upande wa kaskazini, iliitwa Colito. Alilitamka "Kolito", nami nikadhani ni mahali fulani Dar es Salaam. Kumbe ni Ethiopia.

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalitoka Kenya kuwafukuza Waitalia kutoka Somalia na Ethiopia. Mbele ya safu walikwenda Waafrika Kusini na magari yao ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyoundwa kwao juu ya chesi za Ford. Mogadishu ilitwaliwa Februari 25, Addis Ababa Aprili 6. Lakini Waitalia wengi walibaki kusini, kwenye eneo la maziwa, na kazi ya kuwatafuta iliangukia, miongoni mwa wengine, askari wa KAR. Mwezi wa Mei batalioni ya kwanza ya 6 KAR, askari wa Tanganyika, ilifika mto Billate karibu na mahali paitwapo Colito. Kompeni mbili zilivuka mto na kushika ng'ambo. Hazikuwa na silaha za kuzuia vifaru. Hapo Waitalia wakatokeza vichakani na vifaru, vyepesi na vya kati.

Sajini Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, alikiparamia kimoja, akakifungua kwa juu na kuwapiga risasi waliokuwamo. Akafuata vingine, akauawa. Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, na kambi ya Dar es Salaam ikapewa jina la mahali hapo. Askari wa Tanganyika waliokuwa wamelala kwenye nyasi zile zile, wakivitazama vifaru vile vile bila hata kombora moja, hawakuandikwa ukutani. Ila jina lilibaki kuwa la batalioni nzima, na vijana walioingia kama Babu walifundishwa kujivunia: sisi ndio tulioziona deraya zikija na hatukukimbia.

Sasa nisogee kwenye ile Januari, na nitakwenda polepole.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. 6 KAR ikageuka kuwa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles. Kofia zilibadilishwa nembo, lakini maafisa wengi walibaki kuwa Waingereza, na mshahara wa askari wa kawaida ulibaki mdogo. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Januari 12, 1964 yakatokea mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu Januari 20, askari wa Colito waliwakamata maafisa wao, wakaingia mjini, wakashika uwanja wa ndege na kituo cha redio. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara ipande, na Waingereza waondoke ili Waafrika washike vyeo. Maafisa walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Rais Nyerere alifichwa, na waziri wake, Oscar Kambona, ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Mjini maduka yaliporwa, watu wakafa. Kesho yake batalioni ya pili iliyokuwa Tabora ikafuata. Ndani ya juma hilo hilo askari wakaasi Jinja nchini Uganda, na Lanet nchini Kenya.

Serikali ilikuwa na umri wa miaka miwili na siku arobaini na kidogo. Haikuwa na jeshi lingine la kulituma dhidi ya jeshi lake. Nyerere akafanya jambo lililomchoma, naye hakuficha baadaye kwamba lilikuwa aibu kwa taifa: akaomba msaada kwa Waingereza.

Manowari ya kubeba ndege, HMS Centaur, ilikuwa tayari njiani toka Aden. Ndani yake walikuwamo makomandoo wa majini wa kikosi cha 45, na magari ya Ferret ya kikosi cha 16th/5th Lancers. Alfajiri ya Jumamosi Januari 25, meli ya pili ilifyatua mizinga ya kutisha, na helikopta zikawashusha makomandoo kando ya kambi ya Colito. Pamoja nao alirudi Brigedia Patrick Sholto Douglas, kamanda yule yule aliyewatoroka askari wake siku tano kabla. Akawaita kwa kipaza sauti wajisalimishe. Makomandoo wakapiga roketi kwenye kibanda cha walinzi. Askari wachache wakauawa, wengine wakakimbilia porini, waliobaki wakatoka wameinua mikono. Haikuchukua saa nyingi.

Magari ya Ferret nayo yakashushwa nchi kavu. Hapo ndipo Babu alipokiona kigari.

Nimejaribu mara nyingi kukiona kwa macho yake. Ni kijana wa miaka 25 au 26, kutoka batalioni iliyopewa jina la mahali ambapo askari wa Tanganyika walivikabili vifaru. Yamkini amekaa chini, mikono kichwani. Kinapita kigari kidogo chenye wazungu wawili, kinakwenda polepole, na bunduki yake inazunguka ikimtazama yeye. Kiliundwa kwenda mbele ya jeshi, kumtafuta adui na kurudi na habari. Asubuhi ile hapakuwa na adui aliyejificha wala habari ya kurudisha. Kilikuwa kinawapeleleza wenye nchi, ndani ya nchi yao, kwa ombi la serikali yao. Na kilikuwa kidogo! Nadhani hilo ndilo lililomuuma. Kama kingekuwa kikubwa, angeweza kuwasimulia wajukuu wake kwamba alishindwa na lijitu la chuma.

Kuna jambo jingine ninalolazimika kulisema. Sijui Babu alikuwa upande gani usiku wa Januari 20. Katika kambi yenye mamia ya watu wapo walioanza, wapo waliofuata, na wapo walioamshwa usingizini wakaambiwa chukua bunduki. Vijana wa rika langu tunapenda kuchagua haraka. Baadhi ya wenzangu chuoni, niliposimulia, walisema waasi walikuwa mashujaa: walidai haki na walidai Waafrika waongozwe na Waafrika. Wengine walisema walikuwa wahuni waliotaka kuiangusha nchi changa kwa ajili ya mshahara. Nimeyasikia yote na kila mara nimebaki na swali dogo zaidi: yeye mwenyewe angesemaje, kama angesema?

Baadaye viongozi wa madai yale walishtakiwa na kufungwa. Batalioni zote mbili zilivunjwa, na askari wengi waliachishwa wakarudishwa makwao. Februari, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikutana Dar es Salaam, na makomandoo wakaondoka, nafasi yao ikachukuliwa na askari wa Nigeria. Septemba 1, 1964 likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa vijana wapya. Miaka 15 baadaye jeshi hilo lilivuka Kagera na kuingia Kampala, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, dhidi ya jeshi la Amin lililokuwa na magari mengi ya deraya.

Na kambi ya Colito ikabadilishwa jina. Sasa inaitwa Lugalo.

Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini. Lugalo ni kwetu. Ukitoka Iringa kwa barabara ya Morogoro huendi mbali kabla ya kulipita eneo lile. Agosti 17, 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliingia pale na safu ndefu ya askari na wapagazi, wamefuatana kwenye njia nyembamba. Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamelala kwenye mawe na vichaka. Walikuwa wameiona safu ile tangu mbali. Yenyewe haikuwaona. Mapigano yalikwisha kwa dakika chache, na Zelewski alikuwa miongoni mwa waliokufa, kwa mikuki zaidi kuliko kwa bunduki. Upande mmoja ulikuwa na watu waliokwenda, wakaona, wakarudi wakasema. Upande wa pili haukuwa nao.

Kwa hiyo taifa liliiondoa aibu ya Colito kwa kuiita kambi kwa jina la ushindi wa kwao Babu, muda mfupi baada ya kumfukuza Babu humo. Sidhani kuna aliyekusudia kumdhihaki. Aliyechagua jina hakuwa anamfikiria askari mmoja wa Kalenga. Lakini nakumbuka kwamba redio ikitaja hospitali ya Lugalo au kambi ya Lugalo, Babu aliinuka akaenda kuwaangalia ng'ombe.

Jioni ile, nikiwa kwenye jukwaa la Wool nikisubiri treni, nilimpigia Mama. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa Babu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona upepo mwingi hivyo? Uko wapi?"

Nilimweleza nilikotoka. Kisha nikasema, "Mama, Babu hakustaafu."

Alikaa kimya kiasi kwamba nikadhani simu imekatika.

"Najua," alisema. "Nilikuwa na miaka minne. Alirudi usiku, amevaa shati la kiraia ambalo halikuwa lake, mikono mirefu imempita vidole. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka kwa nyuma, kwenye migomba, akagonga dirisha la jikoni. Bibi yako alidhani ni mwizi."

"Akasema nini?"

"Nani, baba? Hakusema kitu. Aliomba maji ya kunawa."

Treni ikaingia. Nilikaa dirishani, kiti kilichotazama nyuma, mashamba yakawa yananikimbia kwa mbele. Nilifikiria wale watu wawili ndani ya kigari, na mhandisi aliyewapa gia tano ili warudi salama wakaseme walichokiona. Babu alirudi salama. Alipita njia ya nyuma, gizani, nchi nzima toka pwani hadi Kalenga. Hakupata mtu wa kumpa taarifa. Serikali haikutaka kuisikia, jeshi jipya halikumhitaji, na sisi nyumbani tulikwisha kuchagua neno "kustaafu" na kulitumia vizuri, miaka 45, hadi likafaa kutajwa hata siku ya mazishi. Yamkini alikuwa anatusubiri tumuulize zaidi ya mara moja. Sisi tulileta maji.

Kabla ya kufika nilimtumia Mama picha niliyopiga: Ferret kwa mbele, taa zake mbili, kibanda chake chembamba, na begi langu sakafuni pembeni ili aone ukubwa. Zile alama mbili za buluu zikatokea. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaandika maneno mawili:

"Kweli kidogo."